Kufufua loko iʻa: kazi ya kiongozi wa bwawa la samaki Hawaii, hatua kwa hatua

Loko iʻa ni bwawa la samaki la Wahawaii. Sehemu ya bahari yenye kina kifupi, mara nyingi pale mto unapoingia, huzungushiwa ukuta wa mawe uitwao kuapā. Ukutani huachwa milango ya fito, mākāhā, inayopitisha maji na vifaranga lakini inayomzuia samaki aliyekwisha kunenepa. Mvuvi wa Pemba au Lamu aliyezoea uzio ataelewa upesi, ila huu ni uzio wa kufuga, si wa kunasa.

Uchunguzi wa mwaka 1990 uliorodhesha mabwawa 488 katika visiwa vya Hawaii. Mengi yamefukiwa kwa nyumba, barabara na bandari. Mengine yamejaa tope na mikoko. Yanayotoa samaki leo ni machache. Kazi ya kuyarudisha inaongozwa na wenyeji wenyewe: Paepae o Heʻeia kisiwani Oʻahu tangu 2001, Mālama Hulēʻia kwenye bwawa la ʻAlekoko kisiwani Kauaʻi, na vikundi vingine Molokaʻi, Maui na kisiwa cha Hawaiʻi. Tangu 2004 wanakutana katika mtandao wao, Hui Mālama Loko Iʻa, na humo ndimo mlinzi wa bwawa, kiaʻi loko, anapojifunza kwa mwenzake.

Maelezo haya ni ya mtu anayeongoza kazi hiyo, au anayejiunga nayo akitaka kujua kwa nini mambo yanafuatana hivyo. Mfuatano ndio wenyewe: watu na ruhusa kwanza, kisha mikoko, ukuta, milango, mwani, na samaki mwisho kabisa. Wafadhili hupenda picha za samaki, kwa hiyo shinikizo la kuanza na samaki huja mapema. Kataeni. Samaki aliyewekwa ndani ya ukuta uliotoboka anaondoka na maji ya kwanza yanayokupwa, na aliyewekwa kwenye maji yasiyotembea anakufa.

Kabla ya kugusa jiwe

Jueni bwawa ni la nani, kwa karatasi. Baada ya mgawanyo wa ardhi wa 1848, Māhele, mabwawa yalihesabiwa kama ardhi, hivyo mengi yana mwenye hati: taasisi, familia, jimbo au serikali kuu ya Marekani. Heʻeia, kwa mfano, ni mali ya Kamehameha Schools, na kikundi kinafanya kazi kwa makubaliano na mwenye ardhi. Msianze hata kukata tawi kabla ya kuwa na mkataba wa maandishi wenye muda mrefu. Ukuta unachukua miaka. Mkataba wa mwaka mmoja mmoja utawafanya mjenge kwa hofu, na mkiuza mpango wenu kwa wafadhili watauliza swali hilohilo la kwanza.

Halafu tafuteni familia zilizolishwa na bwawa hilo. Wazee watawaambia mahali milango ilipokuwa, chemchemi zinapotokea chini ya maji, na upande upi mawimbi hupiga wakati wa kaskazi ya kwao. Linganisheni maneno yao na kumbukumbu: ushahidi uliotolewa mbele ya tume ya ardhi katikati ya karne ya 19, ramani za zamani, na magazeti ya Kihawaii yaliyochapwa kuanzia 1834 hadi 1948, ambayo sasa yanasomeka mtandaoni. Katika kikundi awepo angalau mmoja anayesoma Kihawaii vizuri. Si pambo. Jina la upepo au la mvua ya mahali mara nyingi linataja upande inakotokea na majira yake, na hadithi ya mlinzi wa bwawa huwa na alama za kuangalia. Pale Heʻeia mlinzi ni Meheanu, moʻo, yaani mjusi-roho wa majini, ambaye uwepo wake hutambuliwa kwa majani ya mti wa hau kugeuka manjano. Anayejua hadithi hiyo hapiti kando ya miti bila kuitazama, na hilo peke yake ni zoezi zuri la mlinzi.

Vibali viliwahi kuwa kaburi la miradi hii. Kabla ya 2015 kikundi kingeweza kudaiwa vibali hadi 17 kutoka kaunti, jimbo na serikali kuu, kwa sababu sheria ziliuchukulia ukuta wa kale kama ujenzi mpya baharini. Mwaka huo jimbo lilianzisha mpango wa Hoʻāla Loko Iʻa unaokusanya sehemu kubwa ya vibali hivyo katika ombi moja. Ombi linataka ramani, picha za hali ilivyo, maelezo ya kazi kwa awamu, na namna mtakavyozuia tope lisitoke nje ya bwawa. Andikeni awamu zote mnazozifikiria tangu mwanzo; kuongeza awamu baadaye ni kama kuomba upya.

Jambo moja halina mjadala. Mkifukua na kukuta mifupa ya watu, iwi kūpuna, kazi inasimama hapohapo. Hakuna anayeigusa wala kuipiga picha. Funikeni kwa kitambaa safi, weka mtu wa kusimamia, piga simu polisi na idara ya jimbo ya kuhifadhi mambo ya kale, kisha waiteni wazee wa familia.

Mwaka wa kutazama

Wahawaii huita kilo: kutazama kwa mpango na kuweka kumbukumbu. Kabla ya ujenzi, jipeni mzunguko mzima wa mwaka wa kilo, hata kama kibali kimeshatoka. Kinachoandikwa kila siku ya zamu: usiku wa mwezi, upepo na nguvu yake, mvua, rangi ya maji, kina cha maji kwenye nguzo, joto, chumvi, ndege na samaki walioonekana.

Kalenda ya Kihawaii ina siku 30 kwa mwezi mwandamo, zilizogawanywa mafungu matatu ya kumikumi: mwezi unaokua, mwezi wa mviringo, na mwezi unaopungua. Kila usiku una jina lake, kuanzia Hilo hadi Muku. Watu wa pwani yetu wanaohesabu bamvua na maji mafu hawahitaji kuelezwa faida yake. Ila kuna tofauti moja kubwa ya kuzingatia: Hawaii tofauti ya maji kujaa na kupwa haifiki mita moja siku nyingi, wakati Zanzibar au Mombasa bamvua hupita mita tatu. Ndiyo maana ukuta wa mita moja na nusu unatosha kule. Anayetaka kuiga loko iʻa Tanga au Kilifi asichukue vipimo vya ukuta huu. Maji yatapita juu yake mara mbili kwa siku.

Vifaa si vingi. Nguzo iliyopigwa alama za sentimita, kipimajoto, kipima chumvi cha kuangalia kwa jicho, na kikiwezekana kipima oksijeni. Oksijeni ipimeni alfajiri, kabla ya jua kutoka, kwa sababu usiku mwani hautoi oksijeni bali unaila, na saa ya mwisho ya giza ndiyo mbaya kuliko zote. Kipimo cha saa nne asubuhi kitawafariji bure. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, samaki wako hatarini.

Mwaka 2009 Heʻeia ilipata vifo vya samaki aina ya moi waliokuwa wakifugwa kwenye vizimba ndani ya bwawa. Watafiti walihusisha vifo hivyo na kudhoofika kwa pepo za kawaida za kaskazini mashariki wakati wa mabadiliko ya El Niño: upepo ukilala, maji hayachanganyiki, joto linapanda, oksijeni inashuka. Kwa hiyo safu ya upepo katika daftari msiiache tupu hata siku moja.

Siku ya kazi

Bwawa hufufuliwa na wanaojitolea, na wanaojitolea hupotea wakikosa kupangwa. Vikundi vingi huweka Jumamosi zisizobadilika katika mwezi, na siku za wiki huachiwa shule. Ratiba ifuate maji: ukuta na mwani ni kazi za maji kupwa, kubeba magogo na kupanga mawe nchi kavu ni kazi za maji kujaa. Kupanga saa kwa urahisi wa watu na kusahau jedwali la maji ni kosa la kila kikundi kipya. Watu 60 wanafika, maji yako kifuani, siku imeisha.

Wageni hukaribishwa kwa utaratibu. Wanasimama nje, wanaomba kuingia kwa oli, wimbo wa Kihawaii usio na ala, wenyeji wanajibu, ndipo wanaingia. Wasiojua oli hufundishwa moja fupi, au mwenyeji mmoja awaombee. Msiruke hatua hii mkidhani ni sherehe ya watalii. Dakika kumi hizo ndizo zinazomwambia mwanafunzi kwamba hapa kuna mwenyewe, na baada yake huhitaji kupiga kelele kuhusu takataka au kukanyaga ukuta.

Kisha usalama, kwa ufupi na bila mzaha. Viatu vilivyofungwa, kamwe si ndala, maana matumbawe na mizizi iliyokatwa hutoboa mguu. Glavu kwa wote. Mwenye kidonda kibichi haingii majini: mito ya Hawaii ina leptospirosisi, ugonjwa unaoletwa na mkojo wa panya na nguruwe na unaoingia kupitia ngozi iliyochanika. Baada ya mvua kubwa, Idara ya Afya ikitangaza maji ya kahawia, ahirisheni kazi zote za majini. Jimbo lina mashimo ya maji taka zaidi ya 80,000 yasiyo na mfumo wa kusafisha, na sheria imeyapa muda hadi 2050 kubadilishwa. Hadi hapo, mvua kubwa ni maji machafu.

Weka kiongozi mmoja kwa kila watu kumi, na kila kundi lipewe kazi inayoonekana mwisho wake: rundo hili lihame, mita hizi mbili zifike kimo cha kamba. Mawe huhamishwa kwa mstari wa mikono. Simamisheni watu umbali wa mita moja hivi, wakitazamana kwa kupishana, huyu ameelekea baharini na huyu nchi kavu, ili jiwe lipite kifuani bila mtu kuzungusha kiuno. Mita 100 zinataka watu 100; mkiwa 50 gawanyeni safari mara mbili, msiwatanue, kwa sababu anayelazimika kutembea na jiwe ndiye atakayeliangusha. Ndoo ya lita 20 ikijazwa kokoto inakaribia kilo 30, kwa hiyo ijazwe nusu. Mwezi Desemba 2015 watu wapatao 2,000 walijipanga hivyo Heʻeia kuziba tundu kubwa ukutani lililoachwa na mafuriko ya 1965. Walioona picha hudhani ukuta ulizibwa siku moja. Zilitangulia siku za kazi za miaka kumi na zaidi.

Chakula kinapikwa hapohapo, na wanaokuja mara kwa mara hula pamoja na wazee.

Mikoko

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki aweke jembe chini kwanza. Kwetu mikoko ni ya asili, inalindwa na sheria, na kuikata ni kuharibu. Hawaii haikuwa na mikoko kabisa. Mkoko mwekundu uliletwa Molokaʻi mwaka 1902 kutoka Florida na kampuni ya sukari iliyotaka kuzuia tope lililokuwa likiporomoka kutoka mashambani, na miaka ya 1920 ikapandwa Oʻahu. Haikuwa na wadudu wala kaa wanaoila kama kwao, ikasambaa. Mizizi yake huingia katikati ya mawe ya kuapā na kuyasukuma, majani yake yanaoza na kujaza tope jeusi, na kingo za matope walizozitegemea ndege wa asili kama aeʻo zinafunikwa. Kwa hiyo sehemu hii ya mwongozo ni ya Hawaii peke yake.

Kagueni viota kabla ya kukata. Aeʻo hutaga chini, kwenye tope wazi, kati ya Machi na Agosti zaidi, na yuko kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Akiwa na kiota, sehemu hiyo inasubiri.

Anzeni upande unakotoka upepo na mkondo, ili mbegu zisirudi mahali mliposafisha. Kateni matawi kwanza kwa msumeno wa mkono, kisha shina kwa chenso, chini ya majani yote ya kijani. Mkoko mwekundu ukikatwa hivyo hauchipui tena, kwa hiyo hakuna haja ya sumu. Ukiacha tawi moja lenye majani, utaendelea kuishi. Chenso ishikwe na wenye mafunzo tu, na wengine wakae umbali wa mara mbili ya urefu wa mti.

Miti iliyo juu ya ukuta ni habari nyingine, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Ushawishi ni kufunga mnyororo na kuvuta kisiki kwa winchi. Kikitoka kinatoka na mita tatu za ukuta. Kateni usawa wa jiwe, acheni mizizi ilipo, na ing'oeni siku mtakayobomoa na kujenga upya sehemu hiyo, jiwe moja moja, kwa mtaimbo na mkono.

Mizizi ya kwenye tope ikiachwa itaoza kwa miaka, ikitoa harufu ya yai bovu na kula oksijeni ya maji. Hilo ndilo linalowashangaza wengi: bwawa linaonekana kuwa baya zaidi baada ya kusafishwa. Ndiyo sababu ya kukata vipande kwa vipande badala ya ekari zote kwa mkupuo. Magogo mazuri yauzwe kuni. Mkoko hutoa moto mkali na majivu kidogo. Matawi yasiachwe majini.

Baada ya hapo, kila mwezi, mtu apite kingo zote aking'oa miche. Mbegu za mkoko ni ndefu kama kalamu au zaidi, huelea na kukaa hai kwa miezi, na jirani yenu asiyekata atawaletea mpya kila bamvua. Hii kazi haina mwisho. Iwekeni kwenye ratiba ya watoto wa shule; wanaiweza, wanaipenda, na wanahesabu kwa ushindani.

Ukuta

Kuapā ya Heʻeia ina urefu wa kilomita 2 na kitu, upana wa takriban mita 3.6 hadi 4.5, na imezunguka ekari 88. Nyuso zake mbili ni mawe meusi ya volkano; katikati kumejazwa matumbawe. Hakuna saruji. Ukuta unatakiwa upitishe maji kidogo: wimbi linaingia, nguvu inaishia katikati ya mawe, maji yanachujika. Ukuta wa saruji hupokea pigo zima, msingi ukihama kidogo tu unapasuka. Kila fundi wa ujenzi anayejitolea atapendekeza saruji. Mshukuruni, mpeni jiwe.

Fanyeni sehemu ya mita mbili au tatu kwa wakati, isiyozidi mnachoweza kurudisha kabla ya maji makubwa yanayofuata. Pigeni picha, fungeni kamba mbili kuonyesha mstari na mwinamo wa uso wa zamani, ndipo mbomoe. Mawe yatengwe mafungu manne: makubwa ya msingi, ya uso, ya kujaza, na kokoto. Dakika mnazopoteza kupanga mafungu mnazirudisha mara nne wakati wa kujenga.

Chimbeni hadi chini pagumu. Jiwe la msingi, niho, lilazwe urefu wake ukiingia ndani ya ukuta, si ukifuata uso. Hapa wanagenzi wote hukosea, kwa sababu jiwe likilazwa kwa upande linaonekana kubwa na zuri, linafunika nafasi, na linatoka na wimbi la kwanza kwa kuwa halina mkia wa kulishika. Liinamishwe kidogo kuelekea ndani. Kila jiwe la juu likae juu ya mawili na kugusa majirani wake; maungio mawili yasifuatane wima. Simama juu yake. Likitikisika, litoe, ligeuze, jaribu tena. Kabari huwekwa kwa nyuma. Kabari ya mbele ni kiraka, bahari itaitoa.

Mawe ya kujaza, hakahaka, hupangwa kwa mkono kila safu moja ya uso inapokamilika. Msimwage kwa toroli. Yaliyomwagwa hujishusha baadaye, yanasukuma uso nje, na ukuta unatoa tumbo. Ukiona tumbo hakuna dawa ila kubomoa mpaka chini yake.

Maji ya bahari yanapanda, na siku za maji makubwa kuliko yote mtaona ukuta ukizidiwa. Tieni safu ya ziada katika maombi ya kibali tangu mwanzo.

Milango

Mākāhā huwekwa mahali maji yenyewe yanapotaka kupita, ndiyo maana daftari la kilo lilitangulia. Baadhi hutazama bahari, baadhi mto, ili mlinzi aweze kuchanganya maji ya chumvi na yasiyo na chumvi. Pande za mfereji zijengwe kwa mawe yenu bora, na sakafu yake itandikwe mawe bapa. Bila sakafu, mkondo huchimba chini ya lango na samaki hupita huko msijue.

Fito zisimame wima, zikiachana sentimita 1 hadi 2. Zikibanana zaidi, vifaranga hawaingii na takataka zinaziba. Zikiachana zaidi, mnalisha bahari. Zamani zilikuwa za ʻōhiʻa. Leo mti huo unauawa na ugonjwa wa ukungu, na kuna karantini inayokataza kusafirisha mbao zake kutoka kisiwa cha Hawaiʻi bila kibali, kwa hiyo tumieni mbao ngumu nyingine na muwe na lango la akiba.

Sugueni fito angalau mara moja kwa wiki, na kila baada ya dhoruba. Lango lililozibwa nusu halionekani baya kwa macho, lakini kipimo cha alfajiri kitawaambia.

Mwani, na maji yanakotoka

Msomaji wa Paje au Jambiani atatabasamu kwa uchungu hapa: kotonii, ambao wakulima wa mwani Zanzibar wanahangaika usiwafie kwa joto, uliletwa Ghuba ya Kāneʻohe, Oʻahu, miaka ya 1970 kwa majaribio ya kilimo na jamii yake ikageuka kero, ikifunika matumbawe. Mwani mwingine mgeni, Gracilaria salicornia, hujaza sakafu ya bwawa. Yote miwili huzaliana kwa vipande. Kuukwangua kwa reki ni kuupanda. Ung'oeni kwa mkono kutoka kwenye shina, weka moja kwa moja ndani ya gunia la wavu, na beba nje usiburute. Limu za asili, yaani mwani wa kienyeji, ziacheni. Mzee mmoja awaonyeshe wageni mwani wa asili na ule mgeni mkononi kabla hawajaingia majini. Mwani uliotolewa huoshwa chumvi kwa mvua na kuwa mbolea.

Mbolea hiyo ina mteja. Juu ya bwawa la Heʻeia, kikundi cha Kākoʻo ʻŌiwi kinarudisha mashamba ya magimbi ya majini, kalo, kwenye bonde oevu la mto. Mashamba hayo hupunguza mwendo wa maji na kuangusha tope kabla halijafika bwawani. Katika ahupuaʻa, kipande cha nchi kutoka mlimani hadi mwamba wa bahari, bwawa ni la mwisho kupokea, hivyo kiongozi wa bwawa asiyehudhuria mikutano ya wakulima wa juu anasafisha tope la watu wengine maisha yake yote. Pangeni siku za kazi za kubadilishana: mwezi huu kwenye magimbi, ujao ukutani.

Samaki

Wanaofaa ni wala mwani: ʻamaʻama, ambaye ni mkizi, na awa, ambaye ni mwatiko uleule unaofugwa Unguja na Mafia. Hawahitaji chakula cha kununua mkiwa na maji mazuri na jua. Waacheni vifaranga waingie wenyewe langoni. Kuwavua nje na kuwaleta ndani kunahitaji kibali, maana sheria ya jimbo inakataza kumtwaa mkizi aliye chini ya inchi 11, karibu sentimita 28, na kumvua kuanzia Desemba hadi Machi anapozaa. Jihadharini pia na mkizi mgeni aliyeingia kwa bahati mbaya miaka ya 1950; mdogo anafanana sana na ʻamaʻama, hula chakula chake na hakui kufikia ukubwa wake.

Wala-nyama, hasa mzia, watoeni kwa mshipi mwaka mzima. Kaa wa matope, ambaye naye ni mgeni huko, hutegwa na kuuzwa, na mara nyingi ndiye anayeleta fedha za kwanza kabla mkizi hajakua.

Mavuno ni langoni. Maji mapya yanapoanza kuingia, samaki wa ndani hukusanyika mbele ya fito kuyapokea, na kipindi cha kuzaa wale wakubwa, ʻanae, hujipanga hapo wakitafuta njia ya baharini. Wavu wa mpini au kimia kinatosha. Juya la kuburuta huvuruga tope na kumaliza oksijeni. Chagueni kwa mkono, rudisheni wadogo na sehemu ya wenye mayai. Jueni vilevile kwamba mwizi anajua saa hiyo kama mnavyoijua ninyi. Zamu ya usiku kwenye milango ipangwe kwa maji, si kwa saa ya ukutani.

Mgawo uandikwe kabla ya mavuno ya kwanza na ubandikwe. Mpangilio unaoleta manung'uniko machache: wazee na familia za mahali, kisha waliofanya kazi msimu huo kwa orodha ya mahudhurio, kisha chakula cha siku za kazi na shule, na kinachobaki kiuzwe kwa jirani kwa bei inayojulikana. Wajumbe wa bodi wasiwe na fungu lao. Mizani na ubao wa kupimia vikae langoni, na uzito, urefu, lango na usiku wa mwezi viingie katika daftari lilelile la kilo kabla samaki hajaingia kwenye barafu.